Kujaza risasi za bunduki ya kuwindia yenye mtutu wa kuagizwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa pwani ambao kazi au mapenzi yao yamewakutanisha na bunduki za kuwindia: vijana wetu waliovuka Lunga Lunga wakaajiriwa kwenye kambi za uwindaji Tanzania, ndugu walioko Namibia na Afrika Kusini, na wenye vyeti hapa Mombasa wanaolenga shabaha kwenye viwanja vinavyotambuliwa. Maswali yanayorudi ni yale yale. Mengine yanataka sentensi mbili, mengine yanataka mtu akae kitako asome.

Kujaza risasi ni kulichukua ganda lililokwisha kufyatuliwa na kulitia upya fataki (kiwashio), baruti na kichwa. Mtutu wa kuagizwa ni ule ambao fundi anautengeneza kwa bunduki moja, kwa oda ya mteja. Vipimo vya baruti hutavikuta hapa. Vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti yenyewe, na sababu yake nimeieleza chini.

Naweza kujaza risasi zangu mwenyewe hapa Mombasa?

Usiguse hata fataki moja kabla hujapata idhini ya maandishi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwa bunduki na kwa risasi pia. Kutengeneza risasi ni jambo jingine kabisa, na cheti cha kumiliki bunduki hakikupi ruhusa ya kugeuza chumba cha nyuma kuwa karakana. Baruti nayo ina sheria yake, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Wa kuulizwa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Ukijibiwa kwa mdomo, omba barua.

Na kuwinda? Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Kuwa na bunduki ya halali hakukuruhusu kumpiga paa kule Kwale wala swala nyuma ya Mariakani. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kuna wanaodhani cheti cha bunduki ni kibali cha kitoweo.

Kwa hiyo kazi ninayoieleza hapa inafanywa pale sheria inapoiruhusu. Afrika Kusini, kwa mfano, mwenye leseni ya bunduki anaruhusiwa kujaza risasi za kaliba (aina na ukubwa wa risasi) aliyopewa leseni yake, na mmiliki wa kawaida hatakiwi kuweka zaidi ya risasi 200 kwa kila leseni. Huko kujaza risasi ni jambo la kawaida nyumbani kwa wawindaji, na mtu wetu anayefanya kazi kambini lazima alielewe hata kama yeye mwenyewe hatakaa mbele ya mashine.

Risasi imeundwa na nini?

Vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Pini ikiigonga fataki, fataki inatoa moto, baruti inaungua, gesi inasukuma kichwa kwenye mtutu, na ganda linatanuka kwa kufumba na kufumbua likaziba nyuma gesi isimrudie mpigaji. Ganda ndilo linalobaki, ndiyo maana linaweza kujazwa tena. Vitatu vingine kazi yake inaisha na mlio.

Mtutu wa kuagizwa una tofauti gani na wa kiwandani, na kwa nini unataka risasi yake peke yake?

Bunduki ya kiwandani inatobolewa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, yenye nafasi kidogo ya ziada, ili risasi ya kampuni yoyote ya kaliba ile iingie na kutoka hata ikiwa na vumbi. Mtutu wa kuagizwa unapita njia nyingine. Fundi ananunua mtutu mtupu, wa chuma chenye kromu na molibdeni au wa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, uliosuguliwa ndani kwa mkono mpaka ukawa laini na sawa tangu mwanzo hadi mdomo. Kisha anauchonga nyuzi, anaitoboa chemba kwa kikata chake mwenyewe, na kuufunga kwenye mtambo wa bunduki ile moja. Nafasi iliyoachwa ni ndogo. Koo la mtutu, yaani sehemu ile fupi kati ya chemba na mwanzo wa mifereji, linakatwa kwa urefu alioutaka mteja.

Aliyesikia habari za Wata, waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu huko nyika ya Tsavo, ataelewa upesi: mshale mwepesi ukiwekwa kwenye upinde mzito hupepesuka, hata kama mshale wenyewe ni mzuri. Vivyo hivyo mtutu wa fedha nyingi ukilishwa risasi ya dukani unaweza kupiga ovyo kuliko bunduki ya bei ya chini. Anayejaza mwenyewe anachagua uzito wa kichwa, urefu wa risasi nzima na kiasi cha baruti kulingana na chemba ile.

Lakini hapo hapo pana hatari inayowapita wengi. Baadhi ya mafundi hukata shingo ya chemba, pale inapokaa sehemu nyembamba ya ganda inayoshika kichwa, ikiwa finyu mno, kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Ganda la kawaida likiingizwa humo, shingo yake haina pa kutanukia, kichwa kinabanwa badala ya kuachiliwa, na shinikizo linapanda vibaya. Bunduki ya kuwindia haitakiwi kuwa na chemba ya namna hiyo. Ukinunua bunduki ya mtu mwingine yenye mtutu wa kuagizwa, uliza kwanza kipenyo cha shingo ya chemba. Kama muuzaji hajui, usiifyatue mpaka fundi apime.

Nimuulize fundi karatasi gani?

Mchoro wa kikata alichotobolea chemba, mzunguko wa mifereji, urefu wa koo, kipenyo cha shingo, na matokeo ya geji mbili za chemba: ile ambayo bolti (kifungio cha nyuma ya chemba) lazima ifunge juu yake, na ile ambayo bolti haitakiwi kufunga. Geji ya pili ikiingia na bolti ikafunga, nafasi ya chemba ni kubwa mno na ganda linaweza kupasuka karibu na kitako. Uliza pia kama mtutu umepigwa muhuri wa majaribio, maana nchi zilizo chini ya CIP, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa Liège mwaka 1914, hulazimisha kila bunduki ijaribiwe kwa risasi zenye shinikizo la kuzidi kabla ya kuuzwa.

Karatasi zikikosekana, fundi anaweza kumimina Cerrosafe ndani ya chemba. Ni madini yanayoyeyuka kabla maji hayajachemka, kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, hivyo hayadhuru chuma. Yakiganda unayatoa, na baada ya saa moja yanakuwa na kipimo sawa na cha chemba. Unashika mkononi umbo la ndani ya bunduki yako: bega (mteremko unaoishia shingoni), shingo, koo, na mwanzo wa mifereji ukionekana kama mikwaruzo iliyopinda. Ningependa kila mnunuzi wa bunduki ya mkono wa pili alione jambo hili mara moja. Madini hayo yana ledi, yaani madini ya risasi, na kadimiamu, kwa hiyo yayeyushiwe penye hewa na si jikoni.

Mzunguko wa mifereji ni nini, na unanihusu vipi?

Mifereji ya ndani inakizungusha kichwa ili kisiyumbe hewani. Ikisemwa mtutu una mzunguko wa inchi 10, maana yake kichwa kinazunguka mara moja kamili kila kinaposafiri inchi 10. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko kifupi. Urefu ndio unaohesabiwa, uzito unafuata nyuma yake.

Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, aliacha kanuni ambayo bado inafaa kwa hesabu ya haraka: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Chukua kichwa chenye kipenyo cha inchi .308 na urefu wa inchi 1.2. Jibu ni karibu inchi 11.9, basi mtutu wa 12 uko mpakani na wa 10 una akiba. Sasa badili uweke kichwa cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi ndani. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kwa uzito ule ule kichwa kinakuwa kirefu, tuseme inchi 1.4. Jibu linashuka hadi inchi 10.2. Mtutu wako wa 12 uliokuwa ukipiga vizuri jana, leo unatoa matundu yenye umbo la tundu la ufunguo kwenye karatasi, kwa sababu kichwa kinafika ubavu mbele.

Ndiyo maana uamuzi wa kichwa unatangulia uamuzi wa mtutu. Amua kwanza utawinda nini na utatumia kichwa gani, ndipo uagize mzunguko.

Vifaa gani vinahitajika?

Mashine imara ya kubania, kalibu za kaliba yako (za kurudishia ganda umbo lake), mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni, kalipa ya kupimia urefu na unene, kifaa cha kusimika fataki, kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda, kipima mwendo, na vitabu viwili vya vipimo vya karibuni. Greni moja ni kama miligramu 65, kwa hiyo mizani ya jikoni haina kazi hapa. Anza na mashine inayojaza risasi moja moja. Zile zinazotoa risasi nyingi kwa saa ni za wapiga shabaha wa bastola, na mwindaji hana haja nazo.

Ganda linaweza kutumika mara ngapi?

Hakuna idadi ninayoweza kukuapia. Inategemea shinikizo, ugumu wa shaba, na jinsi unavyolirudisha umbo lake. Ganda ni asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Kila likitanuka na kubanwa linazidi kuwa gumu, mpaka shingo inapasuka. Shingo iliyopasuka utaiona kwa macho, na hasara yake ni ganda moja tu.

Linalotisha ni lile usiloliona. Shaba inasogea mbele kila unapopiga, na ukuta wa ganda juu kidogo ya kitako unabaki mwembamba. Chukua waya mwembamba, uupinde ncha yake kwa pembe, uingize ndani, kisha uburute taratibu kutoka kitakoni kwenda juu. Ganda zima linakuruhusu kupita bila kusita. Ganda lililochoka lina mfereji unaoshika ncha ya waya, na mara nyingine kwa nje unaona pete nyepesi inayong'aa kuzunguka ganda mahali pale pale. Likifikia hapo, libane kwa koleo lisiweze kutumika tena na ulitupe. Ukilijaza litakatika vipande viwili, nusu ibaki chembani, na kama mbele yako yuko nyati huna bunduki tena.

Kwa uwindaji nashauri kalibu inayorudisha ganda lote, si ile inayobana shingo peke yake. Kubana shingo tu hupunguza uchovu wa shaba, ni kweli, lakini baada ya muda ganda linaanza kuingia kwa shida. Kwenye uwanja wa shabaha utasukuma bolti kwa nguvu na maisha yataendelea. Porini hupati nafasi hiyo. Sogeza bega nyuma kidogo tu, sehemu moja au mbili kati ya elfu moja za inchi, risasi ikaingia bila kulazimishwa.

Kwa nini hutoi kipimo cha baruti? Rafiki yangu ana bunduki ya kaliba ile ile na amenipa chake.

Kwa sababu kipimo cha rafiki yako ni cha mtutu wa rafiki yako. Chemba yako ni finyu zaidi au pana zaidi, koo lako ni fupi zaidi, ganda lako ni la kampuni nyingine na ukuta wake ni mnene, baruti yako imetoka kwenye shehena nyingine. Kila kimoja kinasogeza shinikizo kidogo, na vikijumlika upande mmoja kipimo kilichokuwa salama kwake kinakuwa hatari kwako. Shinikizo la juu la risasi ya .30-06 kwa viwango vya Marekani ni pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, nalo liko karibu na jicho lako.

Unaanza na kipimo cha chini kabisa cha kitabu na kupanda hatua ndogo ndogo, ukitazama kila ganda linalotoka. Fataki yenye afya ina ukingo wa mviringo pembeni. Shinikizo likipanda ukingo unabanjika, fataki inajaa pembe zote za nyumba yake, na shimo la pini linapata mdomo ulioinuka. Zaidi ya hapo utaona alama ndogo ya mviringo inayong'aa kwenye kitako, pale shaba ilipoingia kwenye tundu la kitoa ganda. Mkono wa bolti ukiwa mzito kuinuka, acha. Risasi zilizobaki za kipimo kile usizifyatue, zifungue.

Dalili hizi huchelewa. Kuna chemba ambamo fataki inaonekana nzuri huku shinikizo limeshapita kiasi, kwa hiyo kipima mwendo ni shahidi wa pili. Mwendo ukizidi ule wa juu kabisa ulioandikwa kitabuni kwa urefu wa mtutu wako, umeshavuka mpaka hata kama fataki zinapendeza.

Na jambo lenye uzito kuliko yote niliyosema: mezani iwepo kopo moja tu la baruti. Ukimaliza nalo, lirudishe kabatini ndipo utoe jingine. Baruti mbili hufanana kwa rangi na umbo huku moja ikiungua upesi mara kadhaa kuliko nyenzake, na ukishazichanganya hakuna wa kuzitenganisha. Baruti usiyoijua jina, au iliyotolewa kwenye risasi za jeshi, haina mahali mezani kwako.

Joto na unyevu wa pwani vinaharibu nini?

Vinaharibu mengi, na vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi havilisemi jambo hili vya kutosha.

Anza na joto. Baruti yenye joto inaungua kwa kasi zaidi. Waingereza walijifunza hilo mapema, maana baruti yao ya kordaiti ilikuwa ikipandisha shinikizo vibaya kwenye jua la India na Afrika. Risasi iliyopigwa vizuri Uingereza ilikwamisha ganda chembani huku. Kampuni zao zikauza risasi zenye baruti iliyopunguzwa kwa nchi za joto, na risasi kubwa za wakati ule, .416 Rigby ya mwaka 1911 ikiwa mojawapo, zikapewa ganda kubwa ili shinikizo libaki chini na ganda litoke bila kubishana. Baruti za leo zimeboreshwa, nyingine zimetengenezwa makusudi zisijali joto sana, lakini hakuna isiyojali kabisa. Kipimo kilichotafutwa asubuhi ya Julai wakati wa kusi, kikafika kileleni, hakifai mchana wa Machi. Risasi ikiachwa kwenye gari lililofungwa foleni ya feri Likoni, au ikikaa chembani juani baada ya mtutu kupata moto, si risasi ile uliyoipima. Tafuta kipimo chako siku ya joto, na ubaki hatua moja chini ya kilele.

Unyevu nao una njia zake. Baruti hunywa unyevu wa hewa na kuachia, na kasi yake ya kuungua inabadilika. Ikilowana inaungua polepole, ikikauka kupita kiasi inaungua upesi na shinikizo linapanda. Kwa hiyo usiweke vifuko vya kukausha unyevu ndani ya kopo la baruti. Weka kwenye kabati la bunduki. Kopo lifungwe kifuniko chake cha asili, ndani ya chumba chenye kivuli, mbali na moto.

Shaba pia ina adui yake. Enzi za ukoloni huko India, maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika yalikutwa yamepasuka yenyewe, bila kufyatuliwa. Kwa muda mrefu hawakujua sababu. Ikaja kubainika kwamba amonia ya mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, inakula shaba ya manjano iliyo na mkazo ndani yake kutokana na kubanwa kiwandani. Sisi hatuna mazizi ndani ya nyumba, lakini amonia iko kwenye dawa nyingi za kung'arishia vyombo vya shaba. Usisafishie maganda dawa hizo. Maji ya uvuguvugu, sabuni na ndimu kidogo vinatosha, kisha yakauke vizuri kabisa.

Chumvi ya bahari haihitaji maelezo kwa mtu wa Nyali. Mtutu wa chuma cha kawaida ukishikwa kwa vidole vyenye jasho na kurudishwa kabatini bila kupanguswa, asubuhi ya pili utaziona alama za vidole zimekuwa kutu. Hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu kinashika, kinachelewa tu. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila mara, na usiihifadhi bunduki kwenye mfuko wa kitambaa au wa ngozi. Mifuko hiyo hunyonya unyevu na kuushikilia.

Ukikutana na risasi za zamani za kijeshi, za .303 kwa mfano, fataki zake nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu inayovuta maji ya hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Inayeyushwa na maji ya moto, siku ile ile, halafu mtutu unakaushwa ndipo unapakwa mafuta.

Nipige risasi ngapi kwenye karatasi ndipo nijue kipimo kimefaa?

Tatu hazitoshi. Matundu matatu yaliyogusana yanaweza kuwa bahati, na watu wengi wamefunga safari kwa bahati hiyo. Piga kumi, hata kwa siku tofauti, na uyahesabu yote pamoja na lile lililotoka nje. Mtutu mwembamba wa kuwindia unapata moto upesi, hivyo uache upoe kabisa kati ya risasi mbili au tatu.

Kwa mwindaji risasi ya maana ni ya kwanza, kutoka mtutu baridi. Hiyo ifuatilie peke yake: karatasi moja, risasi moja kila unapofika uwanjani kabla ya kupiga nyingine, karatasi ile ile ikirudishwa safari nyingine. Hilo kundi ndilo mnyama atakutana nalo. Lipo mahali pake hasa, na mara nyingine haliko sawa na pale risasi za baadaye zinapokwenda.

Kwani risasi yenye nguvu zaidi si bora zaidi?

Mnyama hauawi na kelele. Anauawa na kichwa kilichopita moyoni au mapafuni na kufika ndani ya kutosha. Naona vijana wakisifia mwendo, na mwenye bunduki akipepesa macho kwa hofu ya teke la bunduki begani. Yule swala aliyepigwa tumboni kwa risasi ya kishindo atakufa kesho kwenye kichaka, kwa mateso, na wafuata nyayo watazunguka mchana kutwa bila kumpata. Kujaza risasi kunakupa nafasi ya kupunguza teke na kupata risasi unayoweza kuiweka unapotaka, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Hata hivyo nguvu ina kiwango chake cha chini, na nchi nyingine zimekiandika. Namibia inataka angalau jouli 2,700 kwa wanyama wa ukubwa wa tandala na choroa, na 5,400 kwa nyati na wakubwa wengine. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 inayotoka kwa mita 823 kwa sekunde ina karibu jouli 3,950: inamtosha tandala, kwa nyati haikubaliki. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, yenye greni 300 kwa mita 771 inafika karibu 5,780. Sasa angalia: ukiipunguza hadi mita 740 kwa sababu ya teke, unabaki na kama 5,320, na umeshuka chini ya sheria bila kujua. Anayejaza lazima apime mwendo wake na kuandika.

Wapo wanaonitajia W.D.M. Bell, aliyewinda tembo kwa bunduki ndogo ya .275 miaka zaidi ya mia iliyopita. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kujua ubongo umekaa wapi, na alikuwa mlenga shabaha wa ajabu. Sheria za leo hazimruhusu mtu kumwiga.

Risasi inafanya tatizo gani isipotoka vizuri?

Ukisikia mlio dhaifu, "puff" badala ya kishindo, usipige nyingine. Huenda ganda lilisahauliwa baruti, na fataki peke yake imekisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Risasi ya pili itaupasua. Toa bolti, tazama mtutu upande wa nyuma, uone mwanga. Ukivuta kifyatuo na kusiwe na mlio wowote, elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika au zaidi, ndipo ufungue.

Kosa hili linazuiwa mezani. Maganda yote yakishamwagiwa baruti yasimamishwe kwenye kibao, na yamulikwe kwa tochi moja baada ya jingine kabla ya kusimika vichwa. Tupu utaliona, lililojazwa mara mbili utaliona pia.

Na kabla ya kuingia porini?

Kila risasi unayokwenda nayo ipite kwenye bunduki: iingie kutoka magazini, bolti ifunge, itoke. Fanya hivyo uwanjani, mtutu ukielekea kwenye ukingo wa kuzuia risasi. Kwa kaliba zenye teke kubwa, kaza mdomo wa ganda ili vichwa vya risasi zilizomo magazini visisukumwe ndani bunduki inaporuka. Baruti iliyoshindiliwa nayo ichunguzwe. Risasi za mwanzo za .458 Winchester, iliyotoka mwaka 1956, zilileta malalamiko Afrika kwa sababu baruti iliyobanwa iligandamana, zikatoka zikiwa dhaifu.

Kuna hatari gani kwa watoto nyumbani?

Vumbi la fataki na maganda yaliyotumika lina madini ya risasi, na hayo huharibu akili ya mtoto hata yakiwa kidogo. Osha mikono kwa sabuni, usile mezani pa kazi, usisafishie maganda kwenye sinki la jikoni, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Fataki zikae kwenye paketi zake. Ukizimimina kwenye chupa, moja ikilipuka zote zinakwenda.

Naweza kuzibeba kwenye ndege?

Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kilo 5 za risasi, pamoja na kifungashio chake, kwenye mzigo unaopakiwa chini, kwa idhini ya shirika la ndege. Huwezi kuunganisha kilo zako na za mwenzako kwenye sanduku moja. Baruti tupu na fataki tupu haziruhusiwi kabisa, si chini wala mkononi. Mashirika mengine yanadai risasi ziwe kwenye boksi la kiwanda, na hapo risasi ulizojaza mwenyewe hukwama. Uliza kabla hujalipa tiketi. Kibali cha nchi unayopitia ni kingine na cha nchi unayofikia ni kingine, hata kama unabadilisha ndege tu.

Marehemu baba ameacha boksi la risasi za zamani na mashine ya kujazia. Tufanye nini?

Msizifyatue, wala kuzifungua, wala kuzitupa baharini au jalalani. Risasi alizojaza mtu mwingine hakuna anayejua zina nini ndani, hata boksi likiwa na maandishi. Msizibebe kwenye matatu kuzipeleka kituoni pia, maana njiani mtakuwa na risasi msizo na cheti nazo. Fungieni chumba, mmoja wenu aende kituo cha polisi na cheti cha marehemu na cheti cha kifo, aeleze kilichopo, maofisa waje wazichukue pamoja na bunduki. Waoneshwe mashine na kalibu pia. Chukueni hati ya makabidhiano yenye namba ya bunduki na idadi ya risasi, na nakala yake ikae na karatasi za mirathi. Mrithi akitaka bunduki ile, ataiombea cheti chake mwenyewe kuanzia mwanzo.